Bwana X, mdogo wangu, na zile karatasi za Geneva

Mwezi wa 12 nilienda nyumbani Sengerema, siku ya pili tu umeme ukakatika saa moja jioni, tukakaa nje mimi na mama na mdogo wangu, taa ya simu ya mama tumeiegemeza kwenye ndoo, na ndo hapo nikaamua kuwasomea kitu ambacho nilikuwa natembea nacho kwenye simu yangu miezi mingi bila kujua nitaanzia wapi kuwaambia. Ni uamuzi wa Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Watu wenye Ulemavu, ile inayokaa Geneva, umetolewa Agosti 2017, kesi ya mtu anaitwa X dhidi ya Tanzania. X sio jina lake, jina limefichwa. Faili lenyewe nilikuwa nalo kwa Kiingereza, kwahiyo nasoma sentensi moja kimoyomoyo, naigeuza, naitoa kwa mdomo, mama anasikiliza huku anapukuchua mahindi.

X ni mtu mwenye ualbino. Mwezi wa 4 mwaka 2010 alikuwa anatafuta kuni, watu wawili wakamvamia, wakampiga marungu mpaka akazimia, alipozinduka nusu ya mkono wake wa kushoto haipo, wamekata wameondoka nao.

Mama aliacha kupukuchua. Akauliza, huyo ni mtu wa wapi? Nikamwambia mama jina wamelificha. Akasema, basi ni wa huku huku.

Mdogo wangu hakusema kitu. Na yeye ana ualbino, na 2010 alikuwa na miaka 9.

Kama hukuwa Kanda ya Ziwa miaka ile sijui nikuelezeje. Mauaji yalianza kusikika sana 2007, 2008, kuna watu wameaminishwa na waganga kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino kinaleta utajiri, dhahabu itaonekana, samaki watajaa kwenye nyavu, na wanaoamini sio maskini peke yao maana maskini hana hela ya kununua kiungo cha mtu. Januari 2009 serikali ikafuta leseni za waganga wa jadi. Septemba 2009 ndo ikaja hukumu ya kwanza, Kahama, watu watatu wakahukumiwa kunyongwa kwa kumuua mtoto wa kiume mwenye ualbino. Tulisikia redioni, baba akasema sasa wataogopa. Hawakuogopa. Sisi nyumbani tulikuwa tunalala wote chumba kimoja, mdogo wangu katikati, mlango umewekewa gogo, na baba alikuwa anaamka kila mbwa akibweka. Mtoto wa miaka 8 haendi chooni usiku peke yake, haendi kisimani, haendi dukani. Jirani akimuita anamuangalia kwanza mama usoni kabla hajaitika.

Narudi kwa X, maana kilichonishika kwenye kesi yake ni kile kilichofuata baada ya ukatili wenyewe. Miaka ikapita hakuna aliyetiwa hatiani. Yule mtu anabaki na mkono mmoja, hawezi kazi zake za zamani, na waliomkata wapo. Kesi ikapelekwa Geneva 2014, na serikali ilipojibu ikasema hakumaliza njia za ndani, kwamba zilikuwepo njia nyingine za kisheria hapa nyumbani ambazo angeweza kuzifuata mwenyewe, hata kufungua mashtaka binafsi. Nikaweka simu chini nikamuuliza mama, wewe ungeweza? Akanijibu kwa swali, nauli ya Mwanza shilingi ngapi?

Kamati ilikataa hoja hiyo. Ilisema kumtafuta mhalifu na kumshtaki kwenye kosa zito namna hiyo ni kazi ya dola, huwezi kumtwisha mtu aliyekatwa mkono. Ikasema pia ukatili huu unawapata watu wenye ualbino kwa sababu ya ualbino wao, kwahiyo dola isipouzuia na isipouadhibu inakuwa imewaacha wasiweze kuishi kwenye jamii sawa na wengine, na huo ni ubaguzi, ibara ya 5 ya Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ule ambao Kamati hii inausimamia. Na mateso ya kukaa miaka zaidi ya 7 bila haki, yale ya kuwajua waliokuumiza wako nje wanakula ugali kama wewe, Kamati ikayaingiza kwenye ibara ya 15 inayokataza mateso na kutendewa kinyama, pamoja na ibara ya 17 inayolinda mwili wa mtu usiguswe. Hii ya ibara ya 15 naomba usiipite haraka. Wanasema kwamba jalada likikaa kabatini, kule kukaa kabatini kwenyewe kunamuumiza mtu mara ya pili, na anayehesabiwa kumuumiza safari hii ni serikali. Mimi nilikuwa sijawahi kusikia mtu mwenye mamlaka anasema hivyo.

X hakuwa peke yake. Kuna Y, mtoto aliyeshambuliwa 2011 akiwa na miaka 12, akapoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia, uamuzi wake ukatoka 2018. Kuna Z, mama aliyevamiwa nyumbani kwake usiku Oktoba 2008, akapoteza mikono yote miwili na mimba aliyokuwa nayo, uamuzi wake ukatoka 2019. Watatu wote kutoka Tanzania na wote walishinda. Nikiwaza kwamba ule Mkataba ulijadiliwa New York na mabalozi, lakini mistari yake migumu kabisa kuhusu uhai na mwili wa mtu imepata maana kupitia watu watatu wa kwetu ambao huenda hata hawajui kama mawakili wa nchi nyingine wanawanukuu, napata uchungu na napata fahari kwa wakati mmoja.

Kuhusu Mkataba wenyewe nitasema kwa ufupi, mengine unaweza kugugo. Ulipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 13 Desemba 2006 na ukaanza kufanya kazi Mei 2008. Tanzania iliuridhia 2009, pamoja na Itifaki yake ya hiari, na hiyo Itifaki ndo mlango aliopita X maana bila hiyo mtu binafsi hawezi kuishtaki nchi yake kwa Kamati. Uganda na Rwanda nazo ziliridhia vyote viwili 2008. Watu wenye ulemavu walikuwemo ukumbini wakati unaandikwa, wakipigania kila neno, ile kauli ya hakuna lolote kuhusu sisi bila sisi waliifanyia kazi pale. Alafu mwaka 2010 Bunge letu likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Sheria Namba 9, ili kuyaleta yale nyumbani.

Watu wengi wananiuliza kwani ualbino ni ulemavu? Ukisoma ibara ya 1 utaona kwamba Mkataba hauuoni ulemavu kama kitu kinachoishia mwilini mwa mtu. Unasema kuna hali ya mwili, au akili, au macho, au masikio, ya muda mrefu, na kuna vizuizi vilivyopo nje, na vikikutana ndo mtu anashindwa kushiriki sawasawa na wenzake. Ualbino unakuja na uoni hafifu na ngozi isiyovumilia jua, hiyo ni hali. Vizuizi ni vya kwetu sisi, tumevijenga wenyewe.

Nitatoa mfano kwa mdogo wangu. Darasa la tatu walikuwa zaidi ya 90 darasani, shule siitaji, yeye alikalishwa nyuma, ubao hauoni kabisa, anachokiona ni weusi tu. Akawa anapata sifuri. Mwalimu akamwambia mama mtoto huyu kichwa chake kizito, labda tumuache apumzike nyumbani. Mama akaomba akalishwe mbele, akajibiwa kwamba wakianza kumpendelea mmoja wote watataka. Nilikuwa sekondari kipindi hicho nikarudi likizo nikamkuta anajiita mjinga. Mtoto mdogo, anakwambia dada mimi ni mjinga, kama anavyokwambia jina lake.

Kule alikopelekwa baadae (nafika huko) alikutana na mwalimu mmoja wa kike ambaye alikuwa anachukua karatasi za manila, anaandika somo kwa maka peni nyeusi herufi kubwa, anambandikia mezani kwake. Muhula ule alikuwa wa nne. Manila na maka peni! Sasa kwenye Mkataba kuna jina la kitu alichofanya yule mwalimu, mimi nakiita marekebisho ya kumfaa mtu, yaani kubadilisha kidogo namna ya kufanya jambo ili na huyu aweze, bila kumbebesha mzigo wa kupita kiasi anayebadilisha. Na ibara ya 2 inasema wazi kwamba kunyima marekebisho hayo ni ubaguzi. Haisemi ni kukosa huruma. Kwahiyo mama alipoomba mtoto akae mbele hakuwa anaomba upendeleo, alikuwa anadai kitu ambacho nchi yake ilikuwa imeshakisaini, inaelekea kukiridhia au imeshakiridhia, na pale shuleni hakuna aliyekuwa anajua, wala mwalimu, wala mwalimu mkuu, wala mama mwenyewe.

Sasa nifike kwenye kituo. Mwishoni mwa 2010 baba na mama walikubali mdogo wangu apelekwe kwenye shule ya bweni yenye ukuta na mlinzi, ambako watoto wenye ualbino walikuwa wanakusanywa kwa usalama. Alikaa miaka 4. Nataka niseme ukweli wote hapa kwa sababu huwa unasemwa nusu nusu. Kule alilala usingizi, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili mtoto alilala bila gogo mlangoni, na akakutana na watoto wengine wanaofanana nae akajua hayuko peke yake duniani, na akampata yule mwalimu wa manila. Pia alikuwa na miaka 9, mama alikuwa anapata nauli ya kwenda kumuona mara mbili kwa mwaka, vitanda vilikuwa havitoshi wanalala watatu watatu, na aliporudi Kisukuma kilikuwa kimempotea, anaongea na bibi kwa kutafsiriwa. Bibi alikuwa anamshika mkono tu, wanakaa.

Mkataba umeandika, ibara ya 23, kwamba mtoto asitenganishwe na wazazi wake kwa sababu ya ulemavu. Na ibara ya 19 inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuishi kwenye jamii, na kuchagua anaishi wapi na nani. Agosti 2015 Kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto ilikuja kuvichunguza hivi vituo, maana vilianza kama vya muda na muda ukawa hauishi. Mimi sina lawama kwa aliyemlaza mdogo wangu salama. Ila naona kabisa tulichofanya kama nchi, tuliwafungia wanaowindwa na wawindaji tukawaacha mtaani, na kwa sababu kilikuwa kinafanyika kwa nia njema ikawa vigumu hata kulalamika. Mama alikuwa akilia tunamwambia nyamaza, mshukuru Mungu yuko hai. Alikuwa na haki ya vyote viwili, mtoto awe hai na awe nyumbani. Hilo ndo nililokuja kulielewa nikisoma hizi karatasi, kwamba haki hazipangwi foleni ukapewa ya uhai ukaambiwa ile ya familia rudi mwakani.

Tarehe 5 Februari 2025 kukatoka jingine, safari hii karibu zaidi, Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu kwenye shauri lililofunguliwa 2018 na mashirika matatu, mojawapo ni Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu cha hapa kwetu, ikasema Tanzania ilivunja haki za watu wenye ualbino, haki ya kuishi, haki ya kutobaguliwa, utu wao. Ikaamuru kuwe na mfuko wa fidia kwa waathirika. Ikaamuru pia Sheria ya Uchawi irekebishwe, sheria hiyo ni ya 1928, ya mkoloni, na imeacha utata mkubwa kati ya uchawi na tiba za asili. Mdogo wangu alinitumia hiyo habari wasap asubuhi ileile, hakuandika neno lolote, kaweka tu link.

Kuna jambo linaniumiza kuhusu Arusha na nitalisema. Shauri lile lilifunguliwa 2018. Novemba 2019 Tanzania ilijitoa kwenye lile tamko linaloruhusu wananchi na mashirika kwenda moja kwa moja kwenye hiyo mahakama, na kujitoa kukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Maana yake mashirika yaliwahi mlango kabla haujafungwa. Mahakama iko Arusha, kutoka kwetu ni basi moja tu, na mtoto akikatwa mkono leo mama yake hawezi kuingia pale mwenyewe. Geneva, ambako hatujawahi kufika na hatutafika, bado inapokea barua yake. Naomba wanaohusika warudishe lile tamko, naomba kwa heshima zote na naomba kwa sauti.

Kwahiyo njia mojawapo iliyobaki kwa mtu mmoja mmoja ni ile ya X, na kwa sababu nimeulizwa sana inaendaje, iko hivi. Hulipii kitu. Unaandika malalamiko, sio kwenda kusimama. Jina lako lazima Kamati ilijue, barua isiyo na jina hawapokei, lakini unaweza kuomba lisitangazwe na ndo maana tuna X, Y na Z. Lazima uwe umejaribu njia za nyumbani kwanza, polisi, mahakama, isipokuwa kama zimechukua muda usio na maana au hazina uwezekano wa kukusaidia, na hapo utunze kila karatasi, namba ya RB ya polisi, fomu ya PF3 ile ya polisi unayoenda nayo hospitali, cheti cha hospitali, tarehe uliyoambiwa njoo kesho. Jambo hilohilo lisiwe linasikilizwa au limeshasikilizwa na chombo kingine cha kimataifa. Na liwe limetokea baada ya Mkataba kuanza kuifunga nchi, au kama lilitokea kabla basi liwe bado linaendelea, mama Z alishambuliwa 2008 kabla ya Tanzania kuridhia lakini kunyimwa haki kuliendelea mpaka baadae. Sharti jingine ndo linalonirudisha pale nje na taa kwenye ndoo. Uandike kwa lugha ya Umoja wa Mataifa. Kiswahili hakimo.

UNESCO ilishatangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, tunavaa vitenge tunaimba, ni jambo zuri na nalifurahia. Bunge letu nalo 2021 lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini mtu wa Sengerema akitaka kuiambia dunia amefanyiwa nini lazima apate mtu wa kumuandikia Kiingereza, na dunia ikimjibu, jibu linakuja kwa Kiingereza. Kamati yenyewe imeliona hilo. Mwishoni mwa uamuzi wa X, baada ya kusema alipwe fidia na asaidiwe kurudi kujitegemea, na wahusika wachunguzwe na kushtakiwa, na sheria ziguse biashara ya viungo vya watu, kuna mstari unasema nchi iutafsiri uamuzi huo kwa lugha rasmi na iusambaze kwa upana, kwa namna ambayo kila mtu ataufikia. Niliusoma ule mstari mara tatu. Nimeuliza nyumbani kwetu, nimemuuliza mtendaji wa kijiji, nimeuliza walimu wawili ninaowafahamu, hakuna aliyewahi kuiona hiyo karatasi kwa lugha yoyote.

Ndo nikaanza kutafsiri. Sio tafsiri rasmi, naandika kwa Kiswahili cha kuongea ili mama aelewe. Nakaa na daftari jioni nikitoka kazini. Maneno mengine yananitesa, na lile la marekebisho ya kumfaa mtu nimelibadilisha mara nne. Sehemu nyingine niliandika walemavu kwa sababu ni fupi, mdogo wangu akanirudisha. Ana miaka 24 sasa, ni wakala wa miamala mjini, ana kibanda na mwamvuli mkubwa, kofia pana, shati mikono mirefu hata jua likiwa kali vipi, na losheni ya kuzuia jua, Kilisun, ile inayotengenezwa Moshi hospitali ya KCMC ambayo kuna miezi tunaikosa kabisa. Alichukua simu akaikuza maandishi mpaka herufi zikawa kama kidole, akaileta karibu na pua, akasema dada hapa weka watu kwanza. Watu wenye ulemavu. Nikasema inakuwa ndefu. Akasema mimi nimeitwa zeruzeru miaka yangu yote ya shule, lile neno lilikuwa fupi. Nimeweka watu kwanza, kila mahali, nimerudi mpaka ukurasa wa kwanza nikasahihisha.

Usiku ule umeme ulirudi kama saa nne. Hatukuingia ndani. Mama akasema nirudie ile sehemu ya jalada kukaa kabatini, nikairudia. Akasema nirudie tena, na safari hii mdogo wangu akanipokonya simu akaisogelea taa ya mlangoni akasoma na kugeuza yeye, polepole, anafuatisha mstari kwa kidole, mama kafumba macho.

Hadi leo nimemaliza X mpaka aya inayohusu ibara ya 15. Kama kuna mtu ana daftari lake la Y au Z, au anajua neno zuri zaidi la Kiswahili kwa kile alichofanya mwalimu wa manila, aniandikie, nalihitaji kabla ya Jumapili maana mama ameshawaambia akina mama wa kikundi chake cha vikoba kwamba nitakuja kusoma.